Muhogo Tuliouacha Nyuma

Likizo iliyopita Baba aliniomba nimsindikize Penye Mwamba. Kanisa la kwanza aliloanzisha upande wa Koboko lilikuwa limepata mabati, na watu wa kule walimwita aje kulifungua upya. Mimi sikutaka kwenda. Mimi si mtu wa kukaa mbele za watu. Mtu akinisalimia kwa sauti kubwa nakosa pa kuweka mikono. Lakini siku hizi Baba haombi kitu, na siku ile aliomba huku anatazama viatu vyake. Basi nikapiga pasi gauni, tukapanda lori la mchana pale Arua, tukakaa juu ya magunia ya chumvi.

Tuliposhuka, watu walimkimbilia Baba kumshika mkono. Mimi nilitafuta mwamba. Ulikuwapo palepale kando ya barabara, mpana, wa kijivu, umelala kama ng'ombe aliyeshiba. Lakini juu yake hapakuwa na kitu. Nikavuta pumzi. Nikavuta tena. Harufu haikuwapo.

Kama umekulia kwetu, rafiki yangu, huna haja ya kuelezwa ni harufu gani. Ni harufu ya muhogo mchungu. Wanawake wanaumenya, wanaurundika kwenye kona ya nyumba na kuufunika kwa majani mpaka uote ukungu mweusi, halafu wanaukwangua kwa kisu na kuuanika kwenye mwamba wenye joto. Ni harufu kali, inakaa kwenye nguo. Hapa Arua wasichana wa shule wanaificha kwa sabuni ya kunukia. Mimi ningetoa sabuni zote za soko la Oli niinuse tena ile ya kitenge cha Mama.

Mama ndiye ninayetaka kumwandika. Habari za Baba zinajulikana. Ukienda Koboko ukasema wewe ni mtoto wa Pasta wa Jembe, utapewa kiti. Ya Mama hakuna anayeyasema, na mimi naogopa nikikawia nitayasahau hata mimi.

Baba hakuzaliwa mchungaji. Alikuwa dereva wa lori la jeshi. Serikali ya wanajeshi ilipoanguka, watu wetu wakakimbia, na yeye alivuka mpaka wa Vurra sare yake ikiwa chini ya gunia la karanga, Mama akiwa na mimi mgongoni na kaka yangu amemshika mkono. Kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa ni ya kule Kongo, kibanda cha majani, moshi, na sauti ya Mama akipiga mluzi kufukuza kuku wa watu. Kaka simkumbuki. Alikufa kwa surua kabla sijajua kuhesabu vidole.

Habari ya kifo chake niliipata kwa Mama, vipandevipande, tukiwa tunamenya muhogo. Mama alikuwa hasemi mambo makubwa mpaka mikono yake iwe na kazi. Alisema walikuwa wageni, hawana ndugu wa kuchimba kaburi, na wakimbizi wenzao kila mmoja alikuwa na maiti wake au mgonjwa wake. Baba alikaa mlangoni akashindwa kusimama. Ndipo akaja mtu mmoja Mkongo, mfupi, jembe begani, hawajawahi kumwona.

"Mutoto iko wapi?" akauliza. Hilo tu.

Akachimba peke yake kwenye ardhi ya mawe mpaka jasho likalowesha mgongo wote. Akamweka kaka, akaomba maneno machache, akanawa mikono, akaondoka. Baba akamkimbilia njiani.

"Wewe ni nani? Nani alikutuma?"

"Mimi ni muhubiri wa hapa tu. Nilisikia bibi yako, mama ya mutoto, analia."

Tangu siku ile Baba hakumwacha yule mtu. Alimfuata matangani, akambebea Biblia, baadaye akambebea jembe, na mwishowe watu wa kanisa lake wakamfundisha na kumwekea mikono awe mchungaji. Mama alikuwa anamaliza hadithi hiyo vilevile kila mara. Anatupa muhogo kwenye beseni, anasema, "Alimlaza kaka yako vizuri sana. Halafu akaondoka na baba yako."

Nilikuwa nacheka. Nilidhani ni mzaha.

Tuliporudi Uganda, nyumba yetu ya Manibe ilikuwa kichaka. Panya walikuwa wakubwa kuliko sungura. Baba mkubwa, kaka yake Baba, alikuwa ametangulia kurudi na alishamtafutia kazi ya lori la tumbaku. Baba akamwambia hataki lori, anataka kwenda Koboko kuhubiri. Namkumbuka Baba mkubwa alivyoweka kibuyu chake chini polepole.

"Dereva wa jeshi! Sasa unataka kuendesha malaika?"

"Kule watu wanarudi kutoka Sudani na Kongo, wanazika kila siku," Baba akasema. "Wahubiri waliosoma wanataka mji. Hakuna mtu wa kusimama na watu wale."

"Na huyu je?" Baba mkubwa akamwonyesha Mama kwa kidevu. "Umemwuliza?"

Baba akageuka kumtazama Mama. Nadhani ndiyo kwanza anakumbuka. Mama alikuwa anafunga vijiti vya muhogo kwa kamba ya mgomba. Alikuwa amevichukua Vurra kwa mama yake, aina ya zamani yenye shina jekundu, mchungu, lakini unga wake ni mweupe na ugali wake unavutika.

"Nitakwenda," akasema Mama. "Lakini nataka pahali nitapanda hii, niivune mwenyewe. Kongo tulikula muhogo wa watu. Nimechoka kusema asante."

Baba akasema, "Utavuna." Nilikuwepo. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu.

Penye Mwamba tulifika na baiskeli moja, vijiti vikiwa nyuma vimefungwa kwenye gunia lenye maji. Tulipewa kibanda cha mtu aliyekuwa hajarudi bado kutoka Sudani. Jirani yetu alikuwa mama mmoja Mwislamu, mjane wa mwanajeshi, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Asubuhi ya kwanza alikuja na kikapu cha makaa, akatutazama mmoja mmoja.

"Nyinyi iko watu ya Arua?"

"Ndiyo, mama," Mama akajibu.

"Basi hapa mutakula nini? Maneno ya Mungu haina mafuta." Akacheka mpaka mimi nikajificha nyuma ya mlango. Jioni akaleta simsim, ufuta uliosagwa.

Baba hakuhubiri. Hili watu wa siku hizi hawaliamini nikiwaambia. Alikaa wiki baada ya wiki hajafungua kinywa kwa mahubiri. Akisikia kilio, anachukua jembe la Mama, maana nyumba nzima ilikuwa na jembe moja tu, anakwenda. Anachimba na wanaume wengine. Akifa Mkristo, anachimba. Akifa Mwislamu, anachimba pia, halafu wakati wa dua anasimama pembeni ameshika kofia mkononi. Mwanzoni watu walinong'ona, huyu Mlugbara wa Arua anatafuta nini kwenye makaburi yetu? Mzee mmoja aliyekuwa sajini zamani ndiye aliyesema waziwazi.

"Pasta, wewe unachimba vizuri sana, bana. Ukiendelea hivi tutakufanya shehe."

Hata wafiwa walicheka. Siku nyingine, kwenye matanga ya familia isiyokuwa na dini yoyote iliyobaki, mama wa marehemu alimwambia Baba, "Sasa wewe unakuja tu na jembe kila siku, wewe hapana iko na kitu ya kusema?" Ndipo Baba akasema, kidogo, amesimama na udongo miguuni. Jumapili iliyofuata watu wachache walikuja kukaa mbele ya kibanda chetu. Kanisa lilianza hivyo. Baadaye wanawake wakakata nyasi, wanaume wakasimamisha nguzo, na yule jirani Mwislamu naye akaleta mafungu ya nyasi kichwani, akayatupa chini akisema yeye si Mkristo ila hapendi kuona watu wananyeshewa kama mbuzi.

Nilipenda kanisa la nyasi. Mvua ikinyesha lilikuwa halipigi kelele. Ulikuwa unasikia kama mtu anapepeta nafaka mbali, na Baba anaendelea kusema kwa sauti yake ileile ya chini, na hakuna neno linalopotea.

Jembe likirudi kutoka makaburini, Mama hakulipeleka shambani siku ile. Aliliosha mara mbili, akaliegemeza nje ya ukuta, likalala huko. Kwa hiyo kukiwa na misiba mingi, shamba letu lilikawia. Alipanda muhogo wake mstari kwa mstari kati ya makaburi ya watu wengine, nataka kusema kati ya siku za makaburi, lakini kwa kweli ndivyo nilivyouona nilipokuwa mdogo, kama vyote viwili vilikuwa kazi moja.

Muhogo ukaota. Ulipofika kiunoni mwangu tukaanza kula majani, kisamvu chenye simsim, na Mama akaanza kwenda kuutazama kila asubuhi kabla hajanawa uso. Muhogo ule mwekundu haukomai upesi. Mwaka unapita na nusu ya mwingine ndipo unapata unga wa maana. Mama alikuwa tayari kungoja.

Baba hakuwa tayari. Kanisa lilipopata mzee wa kulisimamia, watu walikuja kutoka ng'ambo, Penye Daraja, wakasema kule kwao wanazika bila mtu. Baba alikuja kumwambia Mama jikoni. Mimi nilikuwa napepeta.

"Muhogo bado," akasema Mama.

"Najua."

"Ulisema nitavuna."

"Mungu ataangalia shamba."

"Mungu hana jembe," Mama akasema. "Na hilo moja tulilo nalo utaondoka nalo wewe."

Baba akasema kama anaomba, "Wanalia kule, mama. Nasikia wanalia." Mama akaifunika sufuria. Alijua hilo neno limetoka wapi. Aliyelia kule Kongo alikuwa yeye mwenyewe.

Asubuhi ya kuondoka alikata vijiti vipya, akavifunga kwa kamba. Shamba akamwachia yule jirani.

"Ukikomaa, ule."

"Kwa nini wewe hapana ng'oa moja, uonje?" jirani akamwuliza.

"Siwezi kumtoa mtoto tumboni kabla ya siku zake," akasema Mama, na hakugeuka nyuma tulipokuwa tunaondoka. Mimi niligeuka. Majani yalikuwa yanacheza na upepo kana kwamba tunarudi kesho.

Penye Daraja yalikuwa yaleyale, na sitaki kukuchosha. Jembe, kilio, kanisa la nyasi, muhogo. Mimi nilikuwa mgeni tena shuleni, na watoto waliniita Amina kwa sababu nilikuwa sijui kusema kitu kingine nikiulizwa jambo, naitikia tu kama kanisani. Nilianza kuandika wakati ule, nyuma ya madaftari ya hesabu, maana karatasi haikucheki. Muhogo ulifika mabegani mwangu, nami nilikuwa nimerefuka. Halafu wakaja watu wa mpakani, karibu na Sudani. Safari hii Mama hakubishana. Alikata vijiti, akamwita mke wa mzee wa kanisa, akamwonyesha shamba. Usoni alikuwa anatabasamu.

"Mimi muhogo wangu naujua majani tu," akawaambia wale wanawake. "Mizizi mtaniambia nyinyi."

Wakacheka. Likawa neno la kuchekea hata mpakani. Mtu akimaliza kazi asipate malipo yake, wanasema amejua majani tu, kama Mama Pasta.

Kule mpakani Mama alianza kuchoka. Alikuwa anakaa chini katikati ya mstari, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Tumbo lake lilijaa ilhali mikono inakonda. Baba alimpeleka hospitali Arua juu ya lori la mbao, barabara ile yenye mashimo, akarudi naye juu ya lori la kahawa. Daktari alisema ni maini, na kwamba apumzike, ale vizuri. Jumapili iliyofuata Baba alisimama mbele ya watu, akaacha somo alilokuwa ameliandaa.

"Hapa hatuondoki," akasema, "mpaka mke wangu avune muhogo wake. Hata malaika aje kuniita."

Watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mama Pasta, leo utajua mizizi!" Mama alijifunika uso kwa kitenge. Mabega yake yalikuwa yanatikisika na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka.

Siku zile ndizo nzuri kuliko zote nilizonazo. Baba alinunua jembe la pili. Alilima na Mama akiwa amekaa kwenye mkeka pembezoni, anaelekeza kwa fimbo. "Si hapo, umeinamisha vibaya. Macho ya kijiti yatazame juu. Wewe unazika, hupandi!" Baba anacheka, anafukua, anaweka tena. Mimi naleta maji. Moshi wa jikoni unapita chini chini juu ya shamba, na ng'ambo kule mtu anatwanga, na Mama anaimba kwa pua kama alivyozoea. Watu wa mahali pengine walikuja kumwita Baba. Aliwasikiliza, akawapa maji, akawaambia, "Mke wangu anangoja kitu. Rudini baadaye." Alitimiza neno. Nataka ujue hivyo. Alitimiza neno lake lote.

Mama alikufa muhogo ukiwa umenipita kichwa kidogo tu. Bado haujakomaa. Ilikuwa asubuhi, wakati wa kuutazama, na alikuwa ameniomba nimfungulie mlango auone akiwa kitandani. Nikafungua. Akasema, "Umenawiri." Nikamwambia ndiyo, umenawiri. Nilikwenda jikoni kuchemsha uji, na nilivyorudi nikajua kabla sijamgusa.

Baba alitoka nje, akachukua jembe. Lile la zamani. Alifika mpaka pale upande wa shamba, akalinyanyua. Wanaume wa kanisa walikuwa wameshaanza kuja, na yule mmoja aliyezoea kupaza sauti Jumapili alilishika jembe likiwa bado hewani.

"Pasta. Weka chini."

"Niacheni."

"Hapana. Umechimba kwetu sisi wote. Umechimba ya baba yangu. Leo wewe iko mufiwa, kaa chini kama mufiwa."

Baba akakaa chini kwenye udongo, palepale, kama mtoto. Sikuwahi kumwona akikaa bila kitu mkononi.

Habari ilikwenda kwa baiskeli. Kesho yake asubuhi wakaja wa Penye Daraja, wanaume na majembe, wanawake na vikapu. Mchana wakaja wa Penye Mwamba kwa lori, wamesimama wameshikana, na kati yao yule jirani yetu Mwislamu, amezeeka kidogo, sauti ileile. Alikuwa na gunia kichwani. Aliliweka mbele ya miguu ya Baba, na wale wa Penye Daraja nao wakaweka vikapu vyao karibu.

"Pasta, hii iko unga ya Mama Pasta," akasema. "Ile shamba yake. Ilikomaa, tulikula. Tulikata miti, tulipanda tena, tulikula tena. Mpaka watu ya pale barabarani wote iko na muhogo yake. Sasa sisi tumerudisha kwa mwenyewe."

Halafu yule mama mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto akaanza kulia bila sauti yoyote, na hilo lilinitisha kuliko vilio vyote.

Walipika enyasa, ugali wetu wa muhogo, sufuria kubwa zile za msiba, wanawake wawili kwa mwiko mmoja. Harufu ilijaa uwanja. Matanga yote yalilishwa na mashamba ambayo Mama hakuyavuna. Baba aliwekewa sahani, akaitazama mpaka ikapoa. Mimi nilikula. Nitasema ukweli, maana hapa ninaandika ukweli: ulikuwa mtamu. Mweupe, unavutika, vilevile Mama alivyosema siku zote utakavyokuwa. Nilikuwa namega na kutazama mlango wa nyumba, nangoja atoke nimwambie.

Baba alikaa mpakani. Wakaja watu kumwita, akasema muhogo bado. Mzee wa wachungaji akaja kutoka Arua kumwuliza kama ana mgogoro na kanisa, akasema hana, muhogo bado. Alikuwa anaupalilia peke yake, anakwenda kuutazama kabla hajanawa uso. Mimi nilikuwa nimeanza sekondari Arua, na likizo nilimkuta amejua majina ya mistari: huu wa mama yako, huu wangu niliouinamisha vibaya.

Ndipo ukaja ule ugonjwa wa majani. Wewe pia utakuwa unaukumbuka, ulipita kila mahali. Majani yalijikunja, yakawa na madoadoa ya njano, shamba zima likaonekana kama watu wenye baridi. Afisa wa kilimo alikuja na pikipiki, akasema kila kitu king'olewe, kichomwe. Baba alimwomba angoje mwezi wa muhogo kukomaa ufike. Akangoja. Siku ilipofika alichimba taratibu, kwa mikono, kama anayetafuta sindano. Mizizi ilikuwa myembamba kama vidole vyangu. Akaimenya yote, hata isiyomenyeka, kwa kisu cha Mama, akaivundika, akaikwangua, akaianika. Ugali wake ulitosha sahani moja. Tulikula pamoja, tukiwa tunaupunguza polepole kila mmoja amwachie mwenzake, mpaka kikabaki kipande ambacho hakuna aliyekigusa.

Mashina akayachoma mwenyewe. Sikwenda kutazama.

Sasa unajua kwa nini siku ile Penye Mwamba nilikuwa natafuta harufu. Nilimkuta yule jirani nyuma ya nyumba yake, haoni vizuri tena, akanijua kwa kunishika mikono.

"Mikono ya mama yako," akasema. "Baridi."

Nikamwuliza, nikiona haya, kama amebakiwa na hata kijiti kimoja cha ule mwekundu. Nilitaka kwenda kukipanda mpakani, pale alipozikwa Mama.

"Iliisha, mwanangu. Walisema tuchome, tukachoma. Sasa tuko na hii ya serikali." Akaninyooshea muhogo ulionawiri, wa shina jeupe, mnene. "Iko tamu. Unachemsha tu, unakula. Hakuna kazi ya kuvundika, hakuna kukwangua. Watoto wanapenda sana." Akageuza uso kuelekea barabarani. "Lakini mwamba imekuwa tu jiwe."

Tukaingia kanisani. Yeye akakaa mlangoni, kama zamani, nusu ndani nusu nje. Mabati yalikuwa yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Pale lilipokuwa shamba la Mama wamejenga darasa la Jumapili, zuri, la matofali. Mhubiri wa sasa ni kijana mpole aliyesoma chuo. Alieleza kazi yote ya Baba, akataja jembe, akataja sajini, watu wakacheka mahali pa kucheka. Hakumtaja Mama. Simlaumu, alikuwa mtoto Sudani wakati ule. Halafu akamkaribisha Baba.

Baba aliwashukuru waliokata nyasi, hata jirani yetu wa mlangoni. Akakohoa. Akasema, "Sasa kuna mtu mmoja ambaye," na mvua ikaanza.

Ile mvua yetu unaijua, haipigi hodi. Ilianguka juu ya mabati mapya kama lori linamwaga kokoto. Watu wakaziba masikio, watoto wakachekelea. Baba hakunyamaza wala hakupaza sauti. Aliendelea kusema kwa ile sauti yake ya chini, ya kanisa la nyasi, huku anatazama dirisha la upande lilipokuwa shamba. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa na sikupata hata neno moja. Alisema kwa muda mrefu. Mara moja alitabasamu. Mara moja alinyoosha mkono akainamisha kiganja, kama mtu anayeweka kijiti ardhini, macho yatazame juu.

Mvua ilipopungua alikuwa ameshakaa. Kijana yule akasimama, akacheka kwa aibu.

"Pasta, samahani, hakuna aliyesikia. Tunaomba urudie."

Baba akatikisa kichwa.

Njiani kurudi, juu ya magunia matupu, nguo zetu zikiwa bado na maji, nilikusanya ujasiri wangu wote.

"Baba, ulisema nini pale?"

Alikuwa anatazama barabara inavyorudi nyuma.

"Sikuwa nasema na wao," akajibu.